Meno yanayozibika yasing'olewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu jambo ambalo kurasa za afya hulipitia juu juu, nalo ni kuziba meno yaliyotoboka au kuvunjika kwa dawa zenye rangi ya jino. Nimefanya kazi ya utabibu wa kinywa na meno kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, katika vituo vya afya na hospitali za wilaya. Kinachonisukuma kuandika sasa ni kwamba dawa ya zamani ya kuzibia, ile ya rangi ya fedha yenye zebaki, inaondoka duniani, ilhali dawa nyeupe zinazopaswa kushika nafasi yake bado zinaonekana kwa wananchi wengi, na hata kwa baadhi ya viongozi wetu wa afya, kuwa ni urembo wa watu wa mjini wenye pesa. Mtazamo huo usipobadilika mapema, mwananchi wa kawaida hatabakiwa na dawa ya fedha wala dawa nyeupe. Atabakiwa na koleo.

Mgonjwa wa meno wa kwetu kwa kawaida hufika hospitali akiwa amekwisha kujaribu kila kitu: amesukutua maji ya chumvi, amebana karafuu kwenye jino, amemeza vidonge vya kutuliza maumivu alivyonunua duka la dawa, na mwishowe amekesha usiku kucha akiwa ameshika shavu. Kufikia hapo uozo umeshapenya hadi kwenye kiini cha jino, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu, na kuziba peke yake hakutoshi tena. Panahitajika ama kutibu mzizi, huduma ambayo ni ya gharama na haipatikani kila mahali, ama kung'oa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo sina ugomvi na anayeng'oa.

Ninayemlilia ni yule ambaye jino lake lina tundu dogo, linalomshtua kwa sekunde chache anapokunywa maji baridi au anapotafuna kitu kitamu, kisha maumivu yanakatika yenyewe. Jino la namna hiyo bado li hai na linazibika kwa kikao kimoja. Lakini mwenye jino akifika kwenye kituo kisicho na dawa ya kuzibia huambiwa mojawapo ya mambo mawili: arudi litakapoanza kuuma sawasawa, au ling'olewe hapo hapo lisije likamsumbua baadaye. Nimewahi kufunua rejista ya hospitali moja ya wilaya ambamo kila mstari wa mwezi mzima uliishia kwa neno lile lile, kung'oa, na nilipouliza nikajibiwa bila kificho kwamba ganzi ipo, koleo zipo, dawa ya kuzibia haijaletwa. Matabibu wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Kuziba walifundishwa chuoni, ila mikono yao ilikuwa imeanza kusahau.

Wanaoumia zaidi ni watoto, na hapa naomba wazazi wanisome kwa makini. Mtoto anapofikisha umri wa miaka 6 hivi huota gego nyuma kabisa ya meno yake ya utoto, juu na chini, kulia na kushoto. Magego hayo manne hayachukui nafasi ya jino lolote lililong'oka, kwa hiyo mzazi hapati dalili ya kumjulisha kwamba jino jipya limeingia, naye huyahesabu kuwa ni meno ya utoto kama yale mengine. Juu ya gego hilo kuna mifereji myembamba ambamo mabaki ya chakula hujikita, na mswaki wa mtoto mara nyingi haufiki huko nyuma, hivyo uozo huweza kuanza mapema sana. Mzazi akiona doa jeusi husema litang'oka lenyewe, litaota jingine. Halitaota jingine. Hilo ni jino la ukubwa, ambalo mtoto anapaswa kwenda nalo hadi uzeeni, na likitolewa akiwa na miaka 10 au 12, meno ya jirani huanza kulalia pengo, lile linalolielekea hurefuka kwa kukosa la kukutana nalo, na utafunaji wa upande mzima huvurugika. Tundu la gego hilo likiwahiwa lingali dogo, mara nyingi huzibwa bila hata sindano ya ganzi.

Sasa nije kwenye suala la zebaki, maana ndilo lililobadilisha hesabu. Dawa ya rangi ya fedha, ambayo wataalamu huiita amalgamu, takriban nusu ya uzito wake ni zebaki. Imewatumikia binadamu kwa zaidi ya miaka 150 na sitaki kumtia hofu mtu yeyote aliyezibwa nayo. Jino likiwa limetulia, hakuna sababu ya kukimbilia kulichokonoa ili kuitoa. Tatizo kubwa liko katika zebaki inayotoka kliniki na kwenda kwenye mifereji, udongo na maji, kisha ikaingia kwa samaki na kurudi kwetu mezani. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuchukua hatua za kuepusha matumizi ya dawa hiyo katika meno ya utoto, kwa watoto walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu atakapoona hapana budi. Umoja wa Ulaya umeizuia tangu Januari 2025, na katika mkutano wa Geneva wa Novemba 2025 nchi wanachama wa mkataba zilikubaliana kwamba matumizi yake yakome ifikapo mwaka 2034. Huo si mwaka wa mbali kwa nchi inayopaswa kubadilisha vifaa, mitaala na bajeti za halmashauri zake zote.

Dawa nyeupe zinazozungumzwa ni za aina kuu mbili, na kuzichanganya kumesababisha wengi waamini kwamba zote ni ghali. Ya kwanza ni komposaiti, ambayo ni chembe laini mno za kioo zilizochanganywa katika resini ya plastiki. Ya pili ni gilasi ayonoma, ambayo ni unga wa kioo unaokorogwa na tindikali hafifu hadi uwe uji mzito, nao hujigandisha wenyewe kwa dakika chache bila umeme wowote. Komposaiti ilifunguliwa njia na Michael Buonocore wa Marekani, aliyeonesha mwaka 1955 kwamba tabaka gumu la nje ya jino likipakwa tindikali ya fosforasi hupata vinyweleo vidogo ambavyo plastiki inaweza kung'ang'ania, kisha Rafael Bowen, naye wa Marekani, akabuni resini imara iliyosajiliwa mwaka 1962. Gilasi ayonoma ilizaliwa London, katika maabara ya serikali ambamo Alan Wilson na Brian Kent walikuwa wakifanya kazi, na ikatangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Watu husifu rangi ya dawa hizi, na ni kweli kwamba mtu hucheka kwa uhuru zaidi jino lake likiwa jeupe. Mimi nasifu kushika kwake. Dawa ya fedha haishikani na jino. Ili isitoke, mtaalamu hulazimika kuchimba shimo lenye tumbo pana kuliko mdomo, kama chungu, na katika kuchimba huko hukata sehemu nzima ya jino ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Dawa inayogandamana na jino haihitaji kukata huko. Mtaalamu huondoa kilichooza, huacha kilicho kizima, na jino hubaki na kuta nene. Kila anayejua jinsi gego lenye kuta nyembamba linavyopasuka mtu anapotafuna mfupa au mhindi wa kuchoma atatambua kwa nini jambo hilo ni kubwa.

Naomba nieleze kazi yenyewe ya komposaiti inavyokwenda, kwa sababu mgonjwa anayejua kinachopaswa kufanyika ni vigumu kupunjwa. Uozo ukishaondolewa, pamba huwekwa pembeni mwa jino na kinyonya mate hufanya kazi bila kukoma, kwa maana tone moja la mate likiingia wakati usiofaa huharibu kila kitu. Tindikali hupakwa kwa takriban sekunde 15, huoshwa, na jino likikaushwa kingo zake huonekana nyeupe kama zimepakwa chaki, ishara kwamba zimekubali. Hupakwa gundi, humulikwa. Kisha dawa huwekwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, na kila tabaka humulikwa kwa taa ya mwanga wa bluu, kwa kawaida sekunde 20, kabla ya kuwekwa jingine. Mwishowe mgonjwa huuma karatasi ya rangi, mtaalamu huona mahali palipozidi, hupasaga na kupang'arisha. Anayejaza tundu lenye kina kwa mkupuo mmoja na kulimulika mara moja humpa mgonjwa jino ambalo juu ni gumu na chini ni bichi, na hilo ndilo litakalomuuma wiki inayofuata au kuoza upya chini ya dawa.

Kwa hiyo mtu anaposema dawa nyeupe haidumu, simkatalii moja kwa moja. Zipo tafiti zinazompa sababu ya kusema hivyo. Katika utafiti mmoja uliofanywa kwa watoto nchini Ureno na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2007, baada ya miaka 7 asilimia 94.4 ya vizibo vya amalgamu vilikuwa bado vipo, dhidi ya asilimia 85.5 ya vile vya komposaiti, na sababu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa uozo mpya uliojitokeza pembeni mwa dawa. Komposaiti husinyaa kidogo inapoganda, na ikiwekwa ovyo huacha upenyo ambao jicho halioni lakini bakteria huuona. Hata hivyo, vizibo zaidi ya vinane kati ya kila kumi vilivyodumu miaka 7 si kitu cha kubeza mbele ya jino lililong'olewa, ambalo halidumu hata siku moja. Na matatizo mengi niliyoyaona katika vituo vyetu hayakutokana na dawa yenyewe, bali yalitokana na taa iliyochoka ambayo hakuna aliyeipima nguvu, dawa iliyokwisha muda wake, na mtaalamu mmoja aliyeachiwa foleni ndefu bila msaidizi wa kumshikia kinyonya mate.

Lakini je, zahanati ya kijijini isiyo na umeme wa uhakika ifanye nini? Jibu lake lilipatikana hapa hapa nchini, na inanisikitisha kwamba vijana wengi wanaosomea fani hii hawalijui kama urithi wao. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Jo Frencken kutoka Uholanzi, walianza kuziba meno katika mpango wa afya ya msingi ya jamii bila mashine ya kutobolea, wakitumia vifaa vya mkono tu kuondoa uozo laini na kisha kujaza tundu kwa dawa inayoshika. Njia hiyo ilipelekwa Thailand na Zimbabwe katika miaka ya 1990, gilasi ayonoma ikawa ndiyo dawa yake, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Leo inajulikana kimataifa kwa kifupi cha ART, yaani Atraumatic Restorative Treatment, tiba ya kuziba jino bila kulijeruhi, na hufundishwa katika vyuo vya meno vya mabara mbalimbali.

Vifaa vyake vinaingia katika mkoba mmoja. Pana kioo cha mdomoni, kibano, kijembe cha kupanulia mdomo wa tundu, vijiko vya kukwangulia vya ukubwa tofauti, pamba, karatasi ya kukorogea na mwiko wake mdogo, pamoja na chupa mbili, ya unga na ya maji yake. Mgonjwa hulazwa juu ya benchi au meza ya darasani, kichwa kikielekea dirishani ili mwanga uingie kinywani. Uozo laini huchotwa, tundu husafishwa, dawa hukorogwa na kujazwa, kisha mtaalamu huishindilia kwa kidole chenye glavu kilichopakwa vaselini, ili iingie pia katika ile mifereji ya gego iliyo jirani na tundu. Mgonjwa huambiwa asile kwa saa moja. Hakuna kelele ya mashine inayowatisha watoto, na mara nyingi hakuna sindano. Mapitio ya tafiti nyingi yameonesha kwamba katika meno ya ukubwa, vizibo vya namna hii vya upande mmoja wa jino hufikia miaka 5 vikiwa vizima kwa takriban vinane kati ya kumi. Pale tundu linapokula pande mbili au zaidi matokeo hushuka, na hapo ndipo panapohitajika rufaa kwenda kwa mwenye komposaiti na taa.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kuliondolea suala hili sura ya anasa. Mwaka 2021 liliingiza gilasi ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, na mwaka 2023 likaongeza komposaiti. Dawa iliyo katika orodha moja na za malaria na kisukari haiwezi tena kuitwa urembo.

Kuna makundi mawili ambayo kwayo hata sura ya jino ni suala la afya na riziki. La kwanza ni vijana wanaovunjika meno ya mbele, kwa ajali za bodaboda, kwa kuanguka michezoni, au kwa tabia mbaya ya kufungua chupa kwa meno. Jino la mbele lililovunjika pembe haling'olewi. Hujengwa upya kwa komposaiti kwa rangi ile ile, na kipande kilichovunjika kikiokotwa na kuletwa ndani ya maziwa au maji safi kinaweza hata kubandikwa mahali pake. Nawaomba walimu wa michezo walijue hilo.

La pili ni wenzetu waliokulia Arusha, Kilimanjaro, Manyara na maeneo mengine ya ukanda wa Bonde la Ufa, ambako maji ya visima na chemchemi nyingi yana floridi inayozidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia au yakimeguka. Nimewaona vijana kutoka huko wakizungumza huku wamefunika midomo kwa kiganja, na nimesikia wakiambiwa kwamba hawapigi mswaki, maneno ambayo ni dhuluma tupu. Meno hayo yanaweza kufunikwa kwa tabaka jembamba la komposaiti bila kuyakata sana. Nawasihi tu wasikubali kusagwa meno na mtu asiye na leseni anayewaahidi meno meupe kwa saa moja, kwa kuwa sehemu ya jino ikishasagwa hairudi.

Maombi yangu kwa Wizara ya Afya na kwa halmashauri ni mahususi. Kwanza, kila kituo cha afya chenye tabibu wa meno kiwe na gilasi ayonoma na vijiko vya kukwangulia kwa uhakika ule ule tunaokuwa nao kuhusu ganzi, na kila hospitali ya wilaya iwe na komposaiti pamoja na taa inayopimwa nguvu mara kwa mara. Matabibu walioko kazini warudishwe darasani kwa siku chache za mafunzo ya mikono kabla ya amalgamu kuondolewa, si baada yake. Mganga Mkuu wa Wilaya anapopitia taarifa ya kitengo cha meno, aulize yalizibwa meno mangapi kwa kila lililong'olewa, kwa kuwa kisichoulizwa hakiagizwi. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, wanaopanga kitita cha huduma zake wahakikishe kwamba kuziba jino kwa dawa nyeupe kumo, na kwamba malipo anayorudishiwa mtoa huduma hayamfanyi aone afadhali kung'oa. Kliniki binafsi zinazoziba vizuri zipo na nazishukuru, lakini mkulima wa Ludewa au mvuvi wa Kilwa hawezi kusafiri hadi jijini kwa ajili ya tundu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mtoto akitimiza miaka 6 au 7, mwambie apanue mdomo mchana penye mwanga, mtazame magego ya nyuma kabisa ya juu na ya chini, na ukiona doa jeusi au kitobo, mpeleke kwa mtaalamu juma hilo hilo bila kusubiri alie. Ukifika, uliza kama jino linazibika. Ukijibiwa kwamba linazibika ila dawa haipo, usikubali ling'olewe siku hiyo. Omba barua ya rufaa, na upeleke malalamiko kwa kamati ya afya ya kituo, ambamo wamo wawakilishi wenu wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Tabibu mstaafu wa kinywa na meno,
Iringa